Nani Amewapima Masikio?

Mgeni rasmi alikunja karatasi ya hotuba, akavua miwani, akasema kwa sauti ya mtu anayetoa siri ya ukoo: "Watoto wetu Kiingereza wanakielewa vizuri sana. Shida yao ni aibu tu." Turubai zima likalipuka kwa vigelegele. Yalikuwa mahafali ya kidato cha nne katika shule moja ya kata wilayani Ngara. Nilikuwa nimetoka Biharamulo alfajiri, nikabadilisha gari Lusahunga, nikabanwa kati ya gunia la dagaa na mama mwenye jogoo, yote kwa ajili ya mpwa wangu aliyevaa joho la kukodi lililomfika visiginoni.

Sasa sikilizeni. Dakika kumi kabla ya maneno hayo, mgeni rasmi huyohuyo alikuwa amesoma sehemu ya hotuba yake kwa Kiingereza, kama ilivyo ada ya waliosoma. Katika sehemu hiyo alieleza, kwa Kiingereza fasaha na kwa uso wa masikitiko, kwamba fedha za kumalizia bweni la wasichana hazitapatikana mwaka huu. Wahitimu wakapiga makofi. Wazazi wakapiga makofi. Bibi mmoja nyuma yangu akaachia kigelegele kirefu cha harusini. Nami nikapiga, kwa kuwa jirani yangu wa kushoto alipiga, nikaona aibu kubaki na mikono mapajani.

Kwa hiyo mtihani wa kusikiliza Kiingereza ulifanyika siku ile hadharani, na matokeo yalitoka papo hapo. Tulipata sifuri wote, na mimi niliyeelewa nikapata sifuri ya kuangalizia. Halafu mtu aliyetutungia mtihani huo akasimama kutuambia kwamba tumefaulu, ila tuna haya.

Imani hii nimeichoka. Nimeisikia kwenye daladala, kanisani, kwenye vikao vya wazazi, hata kwa mhitimu wa chuo kikuu aliyekosa kazi: "Naelewa kila kitu, ila kuongea ndiyo shida." Inapendwa kwa sababu haina gharama. Ikiwa tatizo ni ulimi, dawa yake ni ukali: bandika kibao langoni cha kuamuru Kiingereza, mteue kiranja aandike majina ya walioongea Kiswahili, wafagie uwanja, kazi imekwisha. Lakini ikiwa tatizo ni sikio, basi lazima mtu mzima akae chini afundishe. Na kabla ya kufundisha, apime. Hapo ndipo ninapouliza swali langu moja, na nitaliuliza mpaka wasomaji wanichoke: nani amepima?

Mtaala wa Kiingereza wa sekondari unataja stadi nne: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Njoo sasa kwenye karatasi ya Baraza la Mitihani. Ni saa tatu za kalamu na ukimya. Mtahiniwa anaweza kuziba masikio kwa pamba tangu swali la kwanza hadi la mwisho, asisikie hata sentensi moja ya Kiingereza, akatoka na A yake. Mtihani pekee wa kusikiliza anaoujua mtoto wa Ngara au Biharamulo kwa miaka minne ni ule wa mwalimu kugeuka kutoka ubaoni na kuuliza kama wameelewa. Darasa linajibu kwa pamoja, "Yeees!" Wote wamefaulu, kengele imelia. Ukitaka kujua thamani ya ile "Yeees", uliza bweni liko wapi.

Wapo watakaoniambia kwamba angalau kusoma kunapimwa, maana kuna ufahamu. Ufahamu! Hebu tufanye ufahamu mimi na wewe, kwa Kiswahili chetu wenyewe. Soma sentensi hii: "Mzaruba aliubwefua mtangusi kwa sababu ya kigunzu." Swali la kwanza: Kwa nini Mzaruba aliubwefua mtangusi? Jibu: kwa sababu ya kigunzu. Hongera, alama mbili. Swali la pili: Mzaruba aliubwefua nini? Mtangusi. Alama mbili tena. Umepata nne kwa nne, na hujui kama Mzaruba ni mtu au ni mdudu. Hivyo ndivyo watoto wetu wanavyofanya ufahamu wa Kiingereza, na wala siwalaumu, maana wamefundishwa: tafuta neno la swali kwenye kifungu, kata sentensi yake, bandika. Hata muhtasari wanaunyofoa vivyo hivyo, sentensi ya kwanza ya kila aya. Mpwa wangu ni bingwa wa kunyofoa. Nilipomuuliza kifungu alichopatia alama zote kilihusu nini, alinitazama kama niliyemuuliza uzito wa mwezi.

Si kwamba hawajawahi kutokea watu wa kupima kweli. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walizunguka na majaribio yao katika shule za Tanzania. Wakakuta kwamba katika kila wanafunzi kumi wa kidato cha nne, ni kama mmoja tu aliyekuwa amefikia kiwango ambacho mtu angeweza kuanza kusomeshwa kwa Kiingereza. Kuanza! Na hawa walikuwa wanamaliza. Hao ni watoto wa enzi ile ambayo wazee wetu hutuambia kila siku kwamba shule zilikuwa shule na Kiingereza kilikuwa Kiingereza. Halafu wataalamu hao wakapendekeza nini? Kiingereza kiendelee kufundishia. Ni kama fundi viatu aliyeona kiatu hakimwingii mteja, akashauri anunuliwe soksi. Zikaja soksi kweli, mradi wa vitabu vya kusomea kutoka Uingereza, na kiatu kikabaki kilekile.

Miaka miwili kabla yao, Tume ya elimu ya Jackson Makweta ilikuwa imesema sekondari ianze kufundishwa kwa Kiswahili kuanzia 1985. Ikawekwa kabatini. Sera ya Elimu ya 2014 ikasema Kiswahili kitumike ngazi zote. Toleo lake la 2023 likairudisha sekondari kwa Kiingereza. Sitaki kuingia huko leo, maana nikiingia sitoki. Ninachosema ni kwamba katika kwenda na kurudi kote huko, kila mtunga sera alijua mtoto anaelewa nini, na hakuna kati yao aliyekwenda kumuuliza mtoto.

Watafiti wa Uwezo walikwenda nyumba kwa nyumba mwaka 2010, na hadithi ya Kiingereza ya kiwango cha darasa la pili mkononi. Karibu nusu ya watoto wa darasa la saba ilikuwa haiwezi kuisoma. Miezi michache baadaye mtoto wa namna hiyo anaingia kidato cha kwanza, anapewa wiki chache za kuvushwa kutoka lugha moja kwenda nyingine, kisha anaelezwa usanisinuru kwa Kiingereza. Asipojibu, ana aibu.

Aibu gani? Hapa ndipo damu inaponichemka. Nenda sokoni Kabanga, pale mpakani na Burundi. Mtazame mtoto wa shule anayemsaidia mama yake kuuza ndizi. Anaongea Kihangaza na mama, Kiswahili na askari, na mfanyabiashara wa upande wa pili akimjia na Kirundi anamjibu, wanapigana bei, wanachekana, pesa inabadili mikono. Hakuna mwalimu aliyemfundisha. Kihangaza na Kirundi ni ndugu, ni kweli, lakini hata ndugu hawaelewani bila kuzoeana sauti, na sikio la mtoto huyu limezoea tangu akiwa mgongoni. Biharamulo nako ni hivyohivyo: mtoto wa Kisubi anayekaa jirani na wafugaji wa Kisukuma utamkuta anatukana kwa Kisukuma kabla hajajua kusalimia kwa lugha hiyo. Watoto wenye lugha tatu wanaoruka kutoka moja hadi nyingine kama mbuzi juu ya mawe, hao ndio mnaowaambia wana haya ya lugha? Aibu yao inachagua Kiingereza peke yake, saa mbili hadi saa nane, Jumatatu hadi Ijumaa?

Mtoto hasemi kwa sababu hajasikia. Kiingereza pekee kinachomwingia masikioni ni cha mwalimu mmoja, ambaye naye alikisikia kwa mwalimu mmoja, na katikati ya kipindi mwalimu huyo anahamia Kiswahili ili somo lieleweke. Anafanya vyema. Mkaguzi akija, anarudi kwenye Kiingereza, na darasa linarudi kwenye "Yeees".

Wanaokumbuka 1994 wanajua ninachosema. Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili, Wanyarwanda wapatao laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo, na Benaco, hapohapo Ngara, ikawa mji wa wakimbizi kabla ya jua kuzama. Mashirika yakaja na magari yao meupe na redio zao za upepo. Jirani yetu mmoja, aliyeishia darasa la saba, aliajiriwa ulinzi, akawekwa karibu na redio. Miezi sita baadaye alikuwa anaelewa Kiingereza cha Mwairishi, cha Mhindi na cha Mmarekani, wote wakiongea kwa pamoja huku mvua ikipiga bati. Alielewa kwa kuwa alipimwa kila saa. Akisikia vibaya Lumasi akadhani Lukole, lori la mahindi linakwenda kambi isiyo yake, na yeye anakwenda nyumbani. Mpaka leo Kiingereza chake cha kuongea ni cha kuokoteza, lakini ukimwekea taarifa ya habari ya kigeni atakueleza yote. Huyo sasa ndiye wa kusema, "Naelewa, ila kuongea ndiyo shida." Anao ushahidi.

Nilipomweleza haya ofisa mmoja wa elimu, alinijibu kwa hoja moja nzito kuliko zote: shule hazina umeme wala vifaa vya sauti. Nilicheka mpaka akakasirika. Mheshimiwa, kwenye mahafali yale kulikuwa na spika mbili zenye urefu wa mtu mzima na jenereta lililonguruma tangu saa tatu asubuhi. Tulichanga. Tulichangia spika, tukachangia keki, majoho, na zawadi ya mgeni rasmi iliyofungwa kwa karatasi inayometameta. Kwa kucheza muziki umeme upo. Kwa kumsikilizisha mtoto kifungu cha dakika tano, Tanzania ni nchi maskini. Tena si lazima hiyo spika. Mwalimu ana mdomo. Wazee wetu walifanya imla: mwalimu anasoma, ninyi mnaandika, daftari zinabadilishwa, anayekosa anajulikana kabla ya chai. Imla haikuhitaji hata betri ya tochi. Tuliiua, sijui kwa kosa gani, na mahali pake tukaweka maswali ya kuchagua herufi.

Wakorea Kusini, siku ya mtihani wao wa taifa kila Novemba, husimamisha ndege zote, zisiruke wala zisitue, kwa takriban nusu saa ile ambayo wanafunzi wanasikiliza Kiingereza. Sisi Ngara tungesimamisha bodaboda tu. Jirani zetu Wakenya wameweka stadi za kusikiliza na kuzungumza katika mtihani wao wa kidato cha nne, lakini kwa maandishi: mtahiniwa anaeleza kwa kalamu jinsi neno linavyotamkwa. Ni sawa na kupima kuogelea kwa insha. Lakini hata hao angalau wamekiri kwamba kuna mto.

Na hii ya kuwacheka watoto iishe. Miaka ile ya matokeo mabaya, mwanzoni mwa muongo wa 2010, taifa zima liliangua kicheko liliposikia kwamba kuna watahiniwa walioandika mashairi ya bongo fleva kwenye karatasi za majibu. Mimi sikucheka. Mtoto aliwekewa mbele yake karatasi asiyoielewa, akapewa saa tatu, akaandika kitu pekee kilichokuwa kimeingia kichwani mwake kwa njia ya masikio. Mstari kwa mstari, bila kukosea kina. Kumbe hawa watoto wakisikia wanashika!

Mahafali yalikwisha saa kumi na moja. Jenereta lilizimwa, keki ikagawiwa kwa vipande vya ukubwa wa sabuni ya hotelini, na mimi na mpwa wangu tukatembea kuelekea stendi, joho likiwa begani kwa kuwa lilitakiwa kurudishwa kabla ya giza. Cheti cha Kiingereza bora alikuwa amekikunja vizuri ndani ya bahasha. Alikuwa na furaha na mimi sikutaka kumharibia. Tulipolipita lile bweni, kuta zake zikiwa bado hazijafika usawa wa madirisha na majani yameota ndani, alisimama kidogo akaliangalia.

"Mjomba," akasema, "kumbe litakwisha mwaka huu. Mdogo wangu ana bahati."