Kasongo na Kabambare: Ufunguo wa tovuti uko mikononi mwa watu wangapi?

Nani ana haki ya msimamizi kwenye tovuti ya redio, ya shirika la raia au ya shule? Swali hilo linaonekana kuwa la mafundi tu. Lakini kusini mwa Maniema linawagusa hata wakaaji ambao hawajawahi kushika kompyuta.

Teritware ya Kabambare inapakana na Fizi, Kivu Kusini. Mwaka 2018, mapigano kati ya FARDC na Mai-Mai Malaika huko Salamabila, karibu na mgodi wa dhahabu wa Namoya, yaliwakimbiza watu wengi. Na tangu M23 ilipoingia Goma Januari 2025, kisha Bukavu Februari, kila habari ya mashambulizi inapokelewa kwa hofu. Kominike ya uongo ikitokea kwenye ukurasa ambao watu wanauamini, familia zinaweza kushika njia usiku uleule. Kukanusha kesho yake kutawakuta wako porini tayari.

Hilo limeshatokea kwa wakubwa. Usiku wa tarehe 24 Mei 2017, wavamizi walitumia tovuti ya shirika la habari la Qatar kuchapisha maneno ambayo mfalme wa nchi hiyo hakuyasema. Qatar ilikanusha haraka. Hata hivyo, vyombo vya habari vya nchi jirani viliendelea kuyarudia, na tarehe 5 Juni Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri zilivunja uhusiano nayo. Ugomvi huo ulikuwa na mizizi ya zamani, ni kweli, lakini ukurasa mmoja ulitosha kuuwasha.

Kwa redio au shirika dogo, hatari mara nyingi haihitaji mvamizi kutoka mbali. Tovuti zaidi ya nne katika kila kumi duniani zinaendeshwa kwa WordPress, programu ya bure. Kijana mmoja mjuzi anaijenga tovuti, halafu neno la siri la msimamizi linagawiwa kwa mkurugenzi, kwa mwandishi, kwa stajiere, hata kwa rafiki aliyesaidia siku moja. Stajiere anaondoka, neno la siri linabaki kwenye simu yake. Simu ikiibiwa sokoni, mwizi ameondoka na tovuti nzima.

Na kweli ni nzima. Msimamizi anaweza kuongeza na kufuta watumiaji, wakiwemo wasimamizi wenzake, kuweka programu mpya, na hata kubadilisha mafaili ya ndani, isipokuwa fundi awe amefunga mlango huo kwa mstari mmoja kwenye faili la wp-config. Mwandishi wa habari hahitaji hata moja ya nguvu hizo.

WordPress yenyewe imeshapanga ngazi. Mhariri anachapisha na kurekebisha kazi za wote. Mwandishi anachapisha zake tu. Mchangiaji anaandika, lakini hawezi kuchapisha wala kupandisha picha. Hapo ndipo penye shida kwa Kabambare: aliye Salamabila na picha mkononi, rezo ikipatikana kwa dakika chache, hawezi kumngoja mhariri wa Kasongo ambaye umeme umemkatikia. Kwa hiyo wakubwa huamua kumpa kila mtu ufunguo mkubwa. Kumpa ngazi ya mwandishi kungetosha, na habari za usalama pekee zingesubiri jicho la pili, hata kwa simu ya kawaida.

Kubana kupita kiasi nako kuna hasara yake. Msimamizi akiwa mmoja tu, kisha akahamia Lubumbashi au akakosana na mkubwa wake, tovuti inafungika naye. Wawili wanaoaminika, kila mmoja na neno lake la siri, ni hesabu nzuri zaidi.

Sheria nayo ipo. Kanuni ya Dijitali, amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inaadhibu kuingia bila haki kwenye mfumo wa kompyuta. Lakini kama watu saba walitumia jina moja la msimamizi, ni vigumu sana kwa mpelelezi kuonyesha ni nani kati yao aliyeandika kominike ile.

Anayeanza kusafisha leo aangalie jambo moja: unapomfuta mtumiaji, WordPress inauliza kama makala zake zifutwe au zipewe mtu mwingine. Ukichagua kufuta kwa haraka, kazi yake ya miaka yote inaweza kupotea pamoja na jina lake.