Barua ya Karani: Majuma Saba Bila Jua



Mwezi wa Julai, upepo unaposhuka toka Mlima Kwaraa, sisi wa Babati hujifunga mashuka mpaka masikioni, na kila mtu husema kwamba baridi kama ya mwaka huu haijapata kuonekana. Leo nataka kuwapeleka mahali ambako baridi yetu ingeitwa joto. Tena mahali hapo si baridi tu inayowapata watu, bali jua lenyewe huwatoroka, likakaa majuma saba bila kuchomoza. Mahali hapo ni mji wa Tromsø, kaskazini ya nchi ya Norwei.

Wanorwei si wageni mkoani kwetu. Hospitali ya Haydom, kule Mbulu, ilianzishwa na wamisioni wa Kilutheri toka Norwei mwaka 1955. Wazee wetu waliwaona wakitokwa jasho juani, lakini ni wachache waliouliza: Je, kwao kukoje?

Kwanza tuelewe jinsi jua linavyoweza kutoweka. Jioni hii, baada ya chakula, wakusanyeni watoto mfanye hivi. Chukua chungwa, lichome kijiti toka juu hata chini; hilo ndilo dunia. Weka taa mezani. Hiyo ndiyo jua. Sasa inamisha kijiti kidogo, ncha ya juu ielekee mbali na taa, kisha lizungushe chungwa polepole. Mtaona kwamba sehemu za katikati hupata mwanga na giza karibu sawasawa. Lakini penye ncha ya juu, hata mkizungusha mara mia, mwanga haufiki. Sisi wa Sigino tupo karibu na katikati, ndiyo maana siku yetu ndefu kabisa huizidi siku yetu fupi kwa nusu saa hivi tu. Tromsø ipo juu, karibu na ncha. Huko jua huaga mwisho wa Novemba, wala halipandi tena mpaka katikati ya Januari. Na kwa kuwa mji umezungukwa na milima, watu wenyewe hawalioni mpaka kama siku ya 21 Januari. Mwezi wa Juni na sehemu kubwa ya Julai mambo hugeuka: jua halichwi, hata saa sita ya usiku lipo angani.

Msidhani kwamba siku hizo ni giza kama la ndani ya chungu. Mchana, kwa saa chache, mbingu hupata mwanga wa bluu kama ule wa alfajiri kabla jua halijatokea, kisha usiku hurudi. Tena usiku ukiwa mweupe bila mawingu, mianga ya kijani hucheza angani kama pazia linalopeperushwa na upepo. Mianga hiyo hutokana na chembe ndogo sana zitokazo katika jua, ambazo huigonga hewa ya juu kabisa na kuifanya iwake.

Baridi yenyewe ikoje? Pwani ya Norwei hupitiwa na mkondo wa maji ya vuguvugu toka kusini, kwa hiyo bandari ya Tromsø haigandi, na mwezi wa Januari baridi huwa kama nyuzi 4 chini ya sifuri. Lakini ukiingia bara mambo ni mengine. Huko Karasjok, tarehe 1 Januari 1886, ilipimwa baridi ya nyuzi 51.4 chini ya sifuri, nayo ndiyo kali kuliko zote zilizopata kuandikwa nchini humo. Ama theluji, tarehe 29 Aprili 1997 pale Tromsø ilifika kimo cha sentimita 240. Mtu mrefu akisimama ndani yake haonekani hata kofia.

Basi, watu hao hufanya nini? Mwafrika angedhani kwamba hufunga milango, hujifunika blanketi, na kungoja jua lirudi. Sivyo. Asubuhi kazi ya kwanza ni kushika sepetu na kufukua theluji mlangoni. Kisha watu wazima huenda kazini na watoto shuleni, kwa saa zile zile za kila siku, kama kwamba jua lipo. Watoto wa chekechea hutolewa nje kucheza kila siku. Hata wachanga hulazwa nje katika vigari vyao, wamefungwa nguo za sufu, ili wapate usingizi wa hewa safi. Akina mama, najua hapo mmeshika vichwa! Lakini watu wa huko wana msemo wao: hakuna hali ya hewa mbaya, ila nguo mbaya. Mwilini huvaa shati la sufu, juu yake sweta, na juu kabisa koti la kukinga upepo na maji. Chini ya viatu hufunga vyuma vyenye miiba wasiteleze kwenye barafu. Na katika makoti hutundika vipande ving'aavyo, ili dereva wa gari awaone gizani.

Tena huwasha taa. Tangu Majilio, karibu kila dirisha huwekwa nyota yenye taa au kinara cha mishumaa ya umeme, hata apitaye njiani hujua kwamba nyumba ile ina watu. Wengi wao ni Walutheri, walakini tarehe 13 Desemba watoto huvaa kanzu nyeupe na kuandamana na taa mikononi kumkumbuka Mtakatifu Lusia, yule bikira na shahidi wa Sirakusa, kisha hula mikate mitamu ya rangi ya manjano. Wakatoliki ni wachache, lakini wanalo kanisa kuu lao, Kanisa la Bikira Maria, jengo la mbao la mwaka 1861. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alifika Tromsø mwezi wa Juni mwaka 1989.

Sasa nifikie jambo lililonivutia zaidi, nalo ni mambo wanayoyafanya baada ya kazi. Karibu kila mmoja ana shughuli aipendayo, naye huishika kwa bidii wakati wa giza kuliko wakati wa mwanga.

Ya kwanza ni kuteleza juu ya theluji. Mtu hufunga miguuni mbao mbili ndefu nyembamba, ziitwazo ski, akashika fimbo mbili mikononi, akaenda mbio msituni. Njia za msituni zimewekwa taa za umeme, na jioni utawakuta vijana, wazee, hata bibi vizee, wote wakiteleza. Wengine hufuga mbwa wa kuvuta vigari visivyo na magurudumu. Tangu mwaka 1981 yapo mashindano ya mbwa hao yaitwayo Finnmarksløpet, ambayo njia yake ndefu hupita kilomita 1,000. Hata mbio za miguu zipo: kila Januari watu hukimbia nusu marathoni mjini Tromsø katika giza. Sisi tuliokulia katika nchi ya John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 huku goti limefungwa bandeji, hatuwezi kuwacheka.

Ya pili ni uvuvi. Katika giza hilo hilo samaki wakubwa waitwao skrei huja pwani kwa wingi kuzaa. Huko Lofoten samaki hao hutundikwa nje juu ya vichanja, tangu Februari mpaka Mei, wakakaushwa na upepo wa baridi bila chumvi. Wengi huuzwa Italia, na vichwa vyake hupelekwa Nigeria. Watoto wa shule nao hupata fungu lao: hukata ndimi za samaki na kuziuza, fedha ikawa yao wenyewe. Hivyo mtoto hujifunza kazi na hesabu kwa mara moja.

Ya tatu ni kufuma. Wanawake, na siku hizi wanaume pia, hufuma soksi, kofia na sweta za sufu huku wakizungumza na wageni.

Na kuni! Watu hao huzipenda kuni kama sisi tupendavyo ng'ombe. Februari 2013 televisheni ya taifa yao ilitangaza habari za kuni kwa saa 12 mfululizo, kuzikata, kuzipasua na kuzipanga, na sehemu kubwa ya usiku ilionyesha moto tu ukiwaka mekoni. Watu wengi walikesha wakitazama. Tena wengine walipeleka malalamiko, kwamba kuni zimepangwa vibaya: hawa wakasema gome likae juu, wale wakasema likae chini. Mama wa Sigino angewasuluhisha kwa neno moja.

Mwaka 2014 mwanafunzi mmoja wa Kimarekani, Kari Leibowitz, alikwenda Tromsø kuchunguza kwa nini watu wa huko hawalemewi na giza kama ilivyodhaniwa. Yeye na Profesa Joar Vittersø wa Chuo Kikuu cha Tromsø waliwauliza watu wa kusini ya Norwei, wa Tromsø, na wa visiwa vya Svalbard vilivyo kaskazini zaidi. Habari zao zilichapishwa mwaka 2020. Waliona kwamba kadiri watu wanavyokaa kaskazini ndivyo walivyouona wakati wa baridi kuwa wakati mwema; nao waliouona hivyo waliridhika zaidi na maisha yao. Si kwamba giza haliwasumbui, maana hata wenyeji wengi hukosa usingizi miezi hiyo. Lakini hawaliiti adui. Huliita majira, nayo majira yana kazi zake.

Pengine mwasema, “Haya yanatuhusu nini?” Yanatuhusu sana. Siku hizi watoto wa Afrika ya Mashariki wapo huko. Wapo wanafunzi, na wapo ndugu zetu Wakongo, wasemao Kiswahili, waliokimbia vita vya mashariki ya Kongo, wakapokelewa Norwei na kupewa makao hata katika miji ya kaskazini. Serikali huwafundisha lugha na desturi. Wengine hupata mwenyeji wa kuwatembelea na kutoka nao, kwa njia ya Msalaba Mwekundu. Zipo pia nyumba za kuazima mbao za ski bila malipo. Hata hivyo, mtu aliyezaliwa penye jua la saa kumi na mbili kila siku, akikuta hakuna jua, wala jirani wa kumpigia hodi, anaweza kuvunjika moyo.

Mama mmoja wa huku kwetu alifika ofisini kuchukua cheti cha ubatizo cha binti yake asomaye Ulaya ya kaskazini. Akaniambia kwa huzuni, “Karani, mwanangu amebadilika. Nikimpigia simu anasema yu kitandani. Hacheki. Nadhani ametusahau, au ametupiwa jambo.” Nikamwuliza ni mwezi gani ulipoanza ukimya huo. Akasema Novemba. Basi nikamweleza habari za chungwa na taa, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Kumbe mwanangu anakaa gizani, nami kila nikipiga simu ninamwuliza habari ya ada ya wadogo zake!”

Kwa wazazi wenye watoto huko nina maneno matatu. La kwanza, mpigieni wakati wa mchana wao. Miezi hiyo saa zao zipo nyuma ya zetu kwa saa mbili. Kabla ya kutaja fedha, mwulize hivi: “Leo umetoka nje? Umetembea na nani?” La pili, mwambie asikatae akialikwa na wenyeji kuteleza, kufuma au kuimba, hata akianguka mara kumi, kicheko cha kuanguka ni mwanzo wa urafiki. La tatu, amwulize daktari wa huko habari ya vitamini D. Mwili huitengeneza kwa jua, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi kuliko nyeupe. Wenyeji wengi hunywa kijiko cha mafuta ya samaki. Na huzuni ikizidi majuma mawili, hali wala halali vema, hiyo si ulegevu wala uchawi, ni ugonjwa. Aende hospitali bila haya.

Wala tusidhani kwamba giza lipo Norwei tu. Katika kila kijiji yupo mjane aliyefunga mlango tangu matanga yalipokwisha, au kijana aliyerudi toka mjini bila kazi, alalaye mpaka saa nne. Kumwambia “jipe moyo” hakutoshi. Nenda na jembe la pili, au ubao wa bao, au uzi na sindano za kufumia, umwambie, “Njoo tufanye hili pamoja.” Kazi ya mikono na mtu wa kando ndizo taa za dirishani.

Siku ya jua kurudi, watoto wa Tromsø hutoka nje kulipokea, na mji mzima hula maandazi ya mviringo yenye jamu ndani, yaitwayo mikate ya jua. Lakini nawaambieni kweli, wasingelipokea kwa furaha ile kama wangekuwa wamelala majuma yote saba.

Kwaherini, mpaka juma lijalo Mungu akitujalia.

Karani wa Parokia, Sigino