Konokono wa Mwea asisubiriwe hadi afike Mabogini

MWAKA 2020 wataalamu wa kilimo nchini Kenya walithibitisha kuwapo kwa konokono mgeni katika mashamba ya mpunga ya Mwea, Kaunti ya Kirinyaga. Konokono huyo, anayeitwa kitaalamu Pomacea canaliculata, asili yake ni Amerika Kusini. Hakuwa amewahi kuthibitishwa barani Afrika kabla ya hapo.

Kwa wakulima wa Mabogini, Chekereni na vijiji vingine vya skimu ya Lower Moshi, Mwea si mbali. Watu, mizigo na mitambo huvuka mpaka wa Holili na Taveta kila siku. Konokono mdogo anaweza kusafiri ndani ya tope lililoganda kwenye magurudumu ya pawatila bila mtu kumwona, kwa kuwa huvumilia ukame kwa miezi kadhaa.

Hasara yake inajulikana. Hukata miche michanga karibu na usawa wa maji, hasa usiku. Utafiti uliofanywa kwa wakulima wa Mwea ulionyesha kuwa penye konokono wa kiasi, mavuno yalipungua kwa takriban asilimia 14, lakini faida ilishuka kwa takriban asilimia 60. Fedha huishia kwenye kurudishia miche, kulipa vibarua wa kuokota na kununua viuatilifu.

Madhara hayaishii kwenye jaruba. Chini ya maji ya mifereji na vinamasi wanaishi konokono wa asili, kome, minyoo na wadudu wachanga, ambao ni chakula cha kambale na samaki wengine. Wengi wao hutegemea mimea ya majini kwa chakula na maficho. Konokono mgeni huila mimea hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu vinamasi vya Thailand ulionyesha kuwa palipojaa konokono huyo mimea ilikwisha, na maji yakageuka kijani kwa mwani. Maji ya Mto Rau huteremka kuelekea bwawa la Nyumba ya Mungu, kwa hiyo uzembe wa mkulima wa juu unaweza kuwa msiba wa mvuvi wa chini.

Wafanyabiashara nao wana la kujifunza. Konokono huyu alipelekwa Taiwan karibu mwaka 1980 ili afugwe na kuuzwa kama kitoweo. Soko halikupatikana, akaachwa, akaingia mashambani. Nchi nyingine za Asia zilirudia kosa hilo hilo na hadi leo hazijaweza kummaliza. Anayeshawishiwa kufuga konokono wa kigeni ajiulize nani atalipa hasara biashara ikifa.

Kinga haihitaji fedha nyingi. Pawatila na kombaini zioshwe tope kabla ya kuhamishwa. Wavu uwekwe kwenye milango ya kuingizia maji. Miche ipandikizwe ikiwa imekomaa, ya siku 25 hadi 30, na maji yawe machache katika wiki mbili za mwanzo. Bata wasaidie kabla ya kupandikiza na baada ya mpunga kukomaa vya kutosha. Kumwaga sumu ovyo mferejini kutaua samaki na konokono wa asili.

Dalili kubwa ni vichala vya mayai ya rangi ya waridi juu ya maji, kwenye mabua au kingo za mifereji. Anayeviona avipige picha na kumwita ofisa ugani. Konokono wasishikwe kwa mikono mitupu wala kuliwa wabichi, maana hubeba minyoo ya hatari kwa ubongo.

Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA) haina budi kuimarisha ukaguzi wa mitambo mpakani. Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, chuo cha kilimo cha Chekereni na vyama vya wamwagiliaji wapange ukaguzi wa mifereji kila msimu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu utajengwa kwa faida ya mkulima.