Ukinyimwa PIP, Kata Rufaa

Msomaji wetu uliyeko Uingereza, ukiomba posho ya ulemavu iitwayo PIP, ukafanyiwa uchunguzi, kisha ukaletewa barua ya kukunyima, usiifungie barua hiyo kabatini. Kata rufaa. Tunasema hivyo bila kusita, kwa kuwa kwa miaka sasa zaidi ya nusu ya kesi za PIP zinazosikilizwa na baraza la rufaa huisha kwa uamuzi wa Wizara ya Kazi na Pensheni kubadilishwa. Wanaotusikitisha ni wale wasiofika huko: watu wenye haki yao walioona wamekwisha kuhukumiwa, wakakaa kimya.

PIP ilianza kutolewa 2013, baada ya sheria ya 2012 iliyobadili mfumo mzima wa posho. Hulipwa mtu wa miaka 16 mpaka umri wa pensheni ya serikali, awe anafanya kazi au hafanyi. Haitolewi kwa jina la ugonjwa. Kiharusi, sikoseli, kisukari kilichokula mguu, jinamizi la vita lisilomwacha mtu alale: hakuna ugonjwa uliopangiwa malipo yake. Zinazopimwa ni shughuli 12. Kumi ni za maisha ya kila siku, kama kupika, kula, kuoga, kuvaa na kwenda chooni. Mbili ni za kutoka nje na kutembea. Kila shughuli ina pointi zake. Ukifikisha 8 upande mmoja unapata malipo ya kawaida ya upande huo. Ukifikisha 12, malipo ya juu. Asiyeweza kutembea zaidi ya mita 20 anapata 12 kwa hilo peke yake.

Anayekuchunguza si lazima awe daktari. Mara nyingi ni muuguzi, mtaalamu wa viungo au mhudumu wa gari la wagonjwa, aliyeajiriwa na kampuni binafsi yenye mkataba na serikali. Wala si yeye anayeamua. Yeye huandika ripoti, na ofisa wa Wizara ya Kazi na Pensheni, ambaye hajawahi kukuona, ndiye anayetoa pointi. Kwa hiyo ukipata barua ya kukataliwa, jambo la kwanza ni kupiga simu Wizarani uombe nakala ya ripoti ya uchunguzi. Bila ripoti hiyo hujui unabishana na nini.

Watu wetu wana tabu ya ziada katika chumba kile cha uchunguzi. Wametoka Unguja, Mombasa, Barawa au Bukavu, na kote huko wamelelewa kutotangaza dhiki zao. Mama akiulizwa hali hujibu kuwa anamshukuru Mungu, hata kama usiku kucha hakufumba jicho. Kwa kuwa anakwenda kuonana na watu wa serikali, atavaa nguo yake nzuri iliyopigwa pasi, na huenda binti yake ndiye aliyemvisha. Akiitwa atajikaza ainuke mwenyewe. Yote hayo yanaingia katika ripoti: mavazi nadhifu, hakuonekana kuwa na maumivu, alitembea kutoka chumba cha kusubiri bila kusaidiwa. Akiulizwa kama chakula kinapikwa nyumbani atasema kinapikwa, na kweli kinapikwa. Hakusema tu kwamba mpishi ni mkwe wake, na kwamba yeye jiko hajaligusa tangu mkono ulipopooza. Na kama mkalimani ni mwanawe wa kiume, hakuna mama atakayesema mbele yake jinsi anavyohangaika chooni.

Hatuilaumu stara hiyo. Ni malezi mema. Lakini sheria haiwezi kulipa kilichofichwa. Mkalimani rasmi hutolewa bure ukimwomba mapema, kwenye uchunguzi na kwenye baraza. Mwombeni. Mtoto aende kama msindikizaji, akae pembeni, na ikibidi asubiri nje.

Kanuni zenyewe zina ulinzi ambao waombaji wengi hawaujui. Huhesabiwi kuwa unaweza kufanya jambo kwa sababu tu uliwahi kulifanya. Lazima uweze kulifanya kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kwa kurudia kadiri inavyohitajika, na kwa muda usiozidi mara mbili ya ule anaoutumia mtu asiye na tatizo lako. Anayevaa nguo kwa muda mrefu huku amekata pumzi, kisha akalala mpaka jioni, kwa sheria hii hahesabiwi kuwa anaweza kuvaa. Pia hutazamwa hali yako katika siku nyingi, zaidi ya nusu ya siku zote, si ile asubuhi moja uliyoamka una nafuu.

Basi barua yako ya kupinga uamuzi ijengwe juu ya hayo. Usipoteze karatasi kueleza kwamba mchunguzi alikuwa na haraka au hakuwa na adabu. Chukua shughuli moja moja. Ripoti imeandika kwamba unaweza kupika. Wewe andika kwamba siku tano kati ya saba huwezi kushika kisu, kwamba mwezi uliopita ulijimwagia maji ya moto, kwamba mkwe wako ndiye anayemenya, kukata na kuepua. Kisha mkwe mwenyewe aandike barua na kutia sahihi. Maelezo ya anayekuhudumia kila siku ni ushahidi, na mara nyingi yana uzito kuliko barua ya daktari yenye mistari mitatu inayotaja ugonjwa na dawa bila kusema mgonjwa anaishi vipi. Shajara ya wiki mbili inayoonyesha ulichoshindwa na aliyekusaidia inafaa pia, na haina gharama.

Hatua ni mbili. Kwanza unaiomba Wizara iangalie uamuzi wake upya, ndani ya mwezi mmoja kutoka tarehe iliyoandikwa kwenye barua, si siku ulipoifungua. Ukichelewa kwa sababu ya msingi, kama kulazwa, eleza sababu hiyo. Ombi linaweza kupokelewa hadi miezi 13. Katika hatua hii wengi hujibiwa yaleyale, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa wakidhani mlango umefungwa. Haujafungwa. Jibu hilo la pili ndilo linalokupa haki ya kwenda kwenye baraza, tena ndani ya mwezi mmoja, kwa fomu au kwa mtandao, bila kulipa ada yoyote.

Baraza haliko chini ya Wizara. Kwa kesi za PIP hukaa watu watatu: hakimu, daktari, na mtu mwenye ujuzi wa maisha ya ulemavu. Omba usikilizwe ana kwa ana, kwa simu au kwa video. Wanaosikilizwa hufanikiwa zaidi kuliko wanaoacha makaratasi yaseme peke yake. Baraza hutazama hali yako ilivyokuwa siku ya uamuzi, kwa hiyo kama umezidiwa baada ya hapo, zungumza na mshauri kuhusu ombi jipya. Aliyepewa pointi sifuri hana cha kupoteza. Aliyepewa malipo madogo akitaka makubwa ajue kwamba baraza lina uwezo wa kupunguza pia, apate ushauri kwanza. Ofisi za Citizens Advice hutoa ushauri huo bure. Misikiti, makanisa na vyama vyetu vya kijamii, vinavyojua kuchangia harusi na misiba, vingefanya jambo kubwa kwa kuweka mtu mmoja anayeweza kukaa na mgonjwa akajaza fomu naye.

Tahadhari moja hatuwezi kuiruka. Mwenye viza inayomkataza kutumia fedha za umma asiombe PIP, kwa kuwa kuomba kunaweza kumharibia ukaazi wake. Amwone kwanza mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa. Mkimbizi aliyekubaliwa kisheria hana kikwazo hicho, na hata sharti la kuwa amekaa nchini miaka miwili halimhusu.

Sasa kwa serikali ya Uingereza. Serikali hiyo imekwisha kukiri kosa kubwa katika posho hii. Mwaka 2017 ilibadili kanuni ili anayeshindwa kusafiri kwa sababu ya hofu na msongo wa akili apate pointi chache. Desemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikasema kanuni hiyo ni ubaguzi, na Januari 2018 serikali ikakubali, ikatangaza kupitia upya madai yapatayo milioni 1.6. Kosa la ukubwa huo lilionekana kwa sababu kuna mtu aliyekwenda mahakamani. Makosa madogo ya kila siku hayana wa kuyapeleka huko. Yanamwangukia mgonjwa mmoja mmoja, naye hulazimika kusubiri miezi rufaa yake isikilizwe. Katika miezi hiyo, aliyekatiwa malipo aliyokuwa akipata hana PIP. Anayemhudumia naye hupoteza posho yake ya uangalizi, kwa kuwa hutegemea PIP ya mgonjwa, na gari alilokodi kwa malipo ya PIP kupitia mpango wa Motability hurudishwa.

Scotland, ambayo tangu 2022 ina posho yake badala ya PIP, humlipa msaada wa muda mtu anayepinga kupunguziwa au kukatiwa malipo, mpaka shauri lake liishe. England na Wales hazina sababu ya kushindwa kufanya hivyo. Na lipo jambo ambalo Wizara inaweza kulifanya hata kesho: kila barua ya kukataa iambatane na nakala ya ripoti, bila mtu kuiomba. Mgonjwa asome mwenyewe kilichoandikwa juu ya mwili wake siku ileile anayonyimwa, mwezi wake wa kujibu ukiwa bado mzima.