Mukombero Sokoni, Majina Msituni

Kila mwanafunzi wa Kitale na Bungoma amjua mchuuzi wa mukombero. Ni wangapi waliouona mmea wenyewe ukiparamia miti msituni? Kitafunwacho ni mzizi, na auchimbuaye wote huua mmea. Elimu ya kuvuna kwa kiasi imo katika lugha za wenyeji wa msitu. Wenyeji hao tumewatenda nini? Chepkitale, katika Mlima Elgon, ilipofanywa hifadhi ya wanyama mwaka 2000, Waogiek waligeuzwa wavamizi. Mahakama ya Bungoma ilikuja kuwapa haki mwaka 2022. Miaka 22! Mtoto aliyekulia nje ya msitu alijifunzia wapi majina ya mizizi, magamba na majani ya dawa? Kamusi zetu wanaisimu, nakiri, hazimsaidii. Walimu, likizo hii watumeni wanafunzi kwa wazee, daftari mkononi.