Zabibu ndugu, ladha mbalimbali

Ukikaa baa yoyote ya Dodoma ukaagiza mvinyo mwekundu, mhudumu atakuuliza, mtamu au mkali? Basi, mtihani umekwisha. Hakuambii zabibu zake zimetoka Hombolo, Mpunguzi au Chinangali, na wewe huulizi, maana ukiuliza atakutazama kama vile umetaka kujua ng'ombe aliyeko kwenye supu yako alikuwa anaitwa nani.

Chupa yenyewe haisaidii. Nyingi zimeandikwa Dodoma, nyingine zina jina la aina ya zabibu, Syrah au Makutupora, mchezo umekwisha. Hapo tatizo ni biashara. Wakulima wengi wa huku wana ekari moja, mbili. Zabibu zao, au mchuzi wao (nyie wa Dar msicheke, mchuzi wa zabibu si wa nyama, ni maji ya zabibu yaliyokamuliwa tayari kwa kiwanda), vinapimwa na kumiminwa tangi moja na vya jirani, na vya jirani wa jirani. Za mlimani, za bondeni, za aliyemwagilia kwa matone na za aliyengoja mvua, zote zinaoga beseni moja.

Wenzetu Ufaransa wanafanya kinyume. Pale Burgundy kuna kijiji kinaitwa Vosne-Romanée, na kuna mzalishaji mmoja, Domaine de la Romanée-Conti, ambaye ana mashamba mawili karibu karibu, Romanée-Conti na La Tâche. Zabibu ni aina ile ile, Pinot Noir. Watu ni wale wale, pishi ni lile lile. Lakini kila shamba lina chupa yake na bei yake, na bei hizo usiziulize kama una presha. Na hilo la Romanée-Conti lina hekta 1.8 tu, kwa hesabu yetu kama ekari nne na nusu. Kule Mpunguzi mtu wa ekari nne na nusu ni mtu wa kawaida kabisa, anavaa kandambili.

Nayasema haya kwa sababu baba yangu mdogo ana mashamba mawili kule Mpunguzi, ile ya barabara ya Iringa, ukishapita Bihawana ambako mapadri wa Kiitaliano wanatajwa kuwa ndio walioleta zabibu miaka ya 1950. Kila shamba ni ekari moja. La chini liko kando ya korongo, udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi mpaka kuku anapotelea humo. La juu liko mteremkoni, kichanga chekundu na mawe, ukipiga jembe linalia. Zote ni Makutupora nyekundu, na vipando vyote alivikata siku moja kwenye shamba moja. Ni ndugu wa tumbo moja hao.

La chini linampa kreti 60 kwa msimu. La juu, 35 akiomba Mungu. Na bei ya kilo ni moja. Sasa kuna dalali ameanza kupita pale na suruali yake ya kunyooshwa, tangu Dodoma iwe jiji mwaka 2018 viwanja vimepanda, na anataka lile la juu. Baba mdogo alishakubali nusu. "Mwanangu," aliniambia, "shamba lisilojaza kreti ni pambo." Mama mdogo hakubali hata robo, na kwa wiki mbili ugali wa nyumba ile ulikuwa unaliwa kimya.

Mavuno ya Septemba mwaka jana ndiyo yaliyoleta mambo. Mjue Dodoma tunavuna mara mbili, Februari hadi Machi na Agosti hadi Septemba, na ya kiangazi ndiyo mazuri, hayana mvua ya kuvimbisha tunda. Zabibu zikaiva, mnunuzi aliyeahidi lori hakutokea. Zabibu haijui ahadi, siku tatu juani inaanza kunuka. Mzee akaamua kukamua mwenyewe. La juu lilitangulia kuiva kwa siku sita, kwa hiyo likapata pipa lake, na la chini lake. Hakutia sukari popote. Maganda yalikaa ndani siku nane kila pipa, kisha akachuja kwa chandarua kipya. Bila kujua alikuwa amefanya kazi ya Wafaransa.

Mwezi uliopita nikaenda kuonja. Mama mdogo alimimina jikoni kwenye glasi za chai ili tusijue ipi ni ipi, tukawa watatu mezani, mimi, mzee na jirani yetu mmoja mwalimu mstaafu. Chupa zilikuwa zimelala kwenye mtungi wa maji tangu asubuhi. Hili naomba mlishike, jamani, mvinyo mwekundu usinywewe kwa joto la saa nane mchana wa Dodoma, unabaki kunuka spiriti tu. Mtungi unatosha, friji ukiusahau humo unakuwa bubu.

Glasi ya kwanza ilikuwa nyekundu ya kuonea vidole. Harufu tamu, kama ubuyu uliotiwa rangi. Inateremka bila ubishi, nyepesi, na ukimeza imekwenda, hairudi kukusalimia. Mwalimu aliipenda papo hapo, akasema hii ndiyo ya kunywa ukisubiri mpira.

Ya pili, bwana wee. Nyeusi kama maji ya zambarau. Ukiweka mdomoni inakukaba mashavu kwa ukakasi, ule wa zambarau lenyewe, halafu inakuja ukwaju, halafu kitu kama moshi wa jikoni. Peke yake ni ngumu. Lakini ilipoletwa nyama ya mbuzi ya kuchoma ikalegea, na mafuta ya mbuzi yakapata mwenzao. Na mlenda? Hapana. Mlenda uliishinda, ule wa kwanza ndio ulioelewana nao.

Mmeshajua. Nyeusi ni la juu. Maelezo yake hayana uchawi. Rangi na ukakasi vinatoka kwenye ganda. Kwenye mbuga mzabibu unakunywa maji mengi, unajaza majani, tunda linanenepa, maji mengi ganda kidogo. Kwenye kichanga mzabibu una kiu, tunda linabaki dogo, ganda linakuwa sehemu kubwa ya tunda. Zile kreti 25 zinazokosekana mteremkoni ni maji.

Nikafanya na jaribio langu. Nilibeba chupa mbili nusu nusu hadi chumbani kwangu Chang'ombe, nikaziacha. Siku ya tatu ya chini ilikuwa inaelekea siki, ukitia kachumbari sawa. Ya juu ilikuwa imetulia, nzuri kuliko siku ya kwanza. Mvinyo wa kuwekwa ni huo, ule mwingine ni wa kumaliza.

Baba mdogo aliinywa ile nyeusi taratibu, glasi mbili, akauliza, "Hii ndiyo ninayochanganya na ile kila mwaka?" Nikamjibu, "Ndiyo, baba." Mama mdogo alikuwa mlangoni na ndoo, hakusema neno, lakini namna alivyoishika ile ndoo mzee aliona.

Ladha hailipi ada, najua. Mpaka apatikane mtu wa kulipa zaidi kwa pipa la juu, kreti 60 zitaendelea kuishinda 35 kila mizani ikiletwa. Kuna wasindikaji wadogo mjini, na mmoja aliomba lita tano aonje. Hajajibu. Dalali anarudi Jumamosi hii na karatasi zake. Kwa sasa mzee amechukua mkasi, amepogoa mashamba yote mawili.