Rangi Haiponyi Homa

Msomaji, wako wadhanio kuwa zahanati hutengenezwa kwa ndoo ya rangi na bati jipya. Nawapinga. Itazame Vanuatu, nchi ya visiwa vipatavyo 80 katika bahari ya Pasifiki. Machi 2015 tufani iitwayo Pam iliezua nyumba na zahanati, kisiwani Tanna na kwingineko. Machi 2023 zikaja tufani mbili, Judy na Kevin, katika muda wa siku chache.

Paa lililorudishwa kwa misumari mitupu hungoja dhoruba nyingine liruke tena. Sharti lifungwe kwa vyuma mpaka msingini. Chanjo huharibika kwa joto. Pasipo umeme, jokofu la nguvu ya jua ni la lazima kama ukuta. Mkunga hazalishi salama bila maji safi. Tangi la mvua si pambo. Muuguzi asiye na nyumba hakai.

Utasema gharama ni kubwa. Kujenga mara tatu ni gharama kubwa zaidi, na mgonjwa wa kisiwani hana zahanati ya pili ya kukimbilia: mbele yake ni bahari. Basi ukialikwa kushangilia zahanati iliyotengenezwa, usisifu rangi. Kagua paa, fungua bomba, kisha uulize muuguzi yu wapi.